Usinibipu Tena

Picha ilimkuta Gaudensia amekanyaga pedali ya cherehani, sketi ya shule ya mtoto wa watu ikiwa nusu imeshonwa. Aliitazama mara moja tu. Akaiacha sketi pale pale, sindano ikiwa ndani ya kitambaa, akavaa ndala zake na kutoka. Fundi mwenzake alimwuliza anakwenda wapi na kazi ya wateja inangoja. Hakujibu, maana angejibu angelia, na Gaudensia hakuwa mtu wa kulilia barazani mbele ya wapita njia wa Nsemulwa.

Picha ilitumwa na Emelyne, rafiki yake wa Katumba aliyekuwa akiuza vitenge sokoni. Ilimwonyesha mwanaume kwa mgongo, shati la bluu limepauka mabegani kwa jua, ameinamia kaunta ya kioo ya duka la simu. Chini ya picha Emelyne aliandika: "Shoga, huyu si Selestine wako? Anasema anauza mizinga yote achukue simu ya tachi. Wahi."

Wako. Neno hilo ndilo lililomchoma kuliko picha yenyewe. Mvua zilikuwa zimekatika, mahindi yamekauka shambani, na Gaudensia hakuwa amesikia hata pumzi ya mwanaume huyo tangu masika. Leo yuko mjini, wala hakumwambia.

Na tumwache akimbie, msomaji, nikueleze kwa nini alikimbia.

Selestine alikuwa mfuga nyuki wa Ugalla, Mkonongo wa watu, mrefu, mpole, mikono yake ikinukia moshi na nta hata akiisugua kwa sabuni gani. Kazi yake ilimweka porini majuma mengi, na huko porini mtandao ulikuwa unakamata mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kirefu karibu na kambi yao. Kila jioni alipanda pale na kitochi chake, simu ndogo ya vitufe, akambipu Gaudensia. Simu ikiita mara moja ikakata, maana yake niko mzima. Mara mbili, nimekukumbuka. Mara tatu, jiandae, nakuja. Gaudensia hakupokea hata siku moja, na wala hakutakiwa kupokea. Penzi lao lilikua hivyo, bila vocha na bila maneno, na ukiwaambia watu wa mjini penzi la namna hiyo watakucheka.

Shangazi Dina alicheka kuliko wote. Huyu alikuwa dada wa marehemu baba yake Gaudensia, na tangu msiba ule yeye ndiye aliyeshika neno la mwisho pale nyumbani. "Mwanaume anayekutaka anapiga," alikuwa akisema. "Anayebipu anakupima tu. Atakubipu mpaka ndani ya ndoa." Selestine alipoleta salamu kwamba mjomba wake Isidori atakuja kuposa baada ya kurina asali, shangazi alirudisha jibu moja: mkwe asiyepatikana kwenye simu hamtaki. Akapatikane kwanza, ndipo waje.

Kisha Gaudensia mwenyewe akanunua simu ya tachi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Tusimlaumu bure. Simu ile ilikuwa nzuri, na ilimletea riziki. Aliichukua kwa mkopo, akalipa kidogo kidogo kwa jasho la cherehani, na wateja wakaanza kumtumia mitindo ya magauni kutoka hata Inyonga. Mwanzoni alinawa mikono kabla ya kuishika. Ilimtesa pia. Kipindi alipolala na malaria alishindwa kulipa, na simu ikajifunga yenyewe, kioo kikabaki cheusi na vipimo vya wateja vyote vikiwa humo ndani. Aliwaomba watu radhi mpaka akachoka. Lakini alilipa, akamaliza, ikawa yake, na pamoja na raha yake ikamwingia kiburi kidogo ambacho hakukijua jina.

Jioni moja shangazi akiwa ameketi naye, simu iliita mara mbili ikakata. Kwenye kioo kile kikubwa jina la Selestine likaonekana kwa wino mwekundu, kwamba alipiga na hakupokelewa. Shangazi akacheka mpaka akashika mbavu. Gaudensia akaona aibu. Akaandika haraka, kabla aibu haijapoa: "Usinibipu tena." Alimaanisha, nunua bando, tuongee kama watu wengine. Alimaanisha, nipigie.

Selestine aliyasoma maneno kama yalivyoandikwa. Akaacha.

Gaudensia alipofika kwenye duka la simu, jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. Muuzaji, kijana mwenye maneno matamu, alikuwa akimweleza Selestine habari za kamera na jinsi picha zinavyotoka hata usiku. Selestine alikuwa ameishika simu mpya kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu akaogopa kumwangusha. Akageuka. Macho yao yakakutana.

Alikuwa amekonda. Hilo ndilo la kwanza Gaudensia aliloliona, na moyo wake ukamwuma kabla hasira haijapata nafasi. Midomo ilikuwa imekauka, na chini ya jicho la kushoto palikuwa na uvimbe wa nyuki uliokuwa unapoa. Alitamani kuugusa. Badala yake akakunja mikono kifuani.

"Umekuja mjini bila kuniambia."

"Uliniambia nisikubipu."

Muuzaji akaangalia huku na huku, akajifanya anapanga makava ya simu.

Gaudensia akamwomba Selestine watoke nje kidogo. Selestine akairudisha simu kwenye boksi taratibu, akamwambia muuzaji asiiuze, anarudi. Wakaketi kwenye benchi la muuza chai lililokuwa ubavuni mwa duka, wameacha nafasi katikati yao ya kutosha mtu wa tatu. Mama muuza chai akawawekea vikombe bila kuulizwa. Hakuna aliyekunywa.

Gaudensia ndiye aliyeanza, tena kwa ukali, maana upole ungemvunja. Akamwuliza kama ni kweli anauza mizinga. Selestine akakubali. Josephat, mnunuzi wa asali, alikuwa anakuja na pesa mchana huo huo. Anachukua mizinga yote na asali iliyomo, kabla haijarinwa. Hapo Gaudensia akashika kichwa. Hata mtoto wa mjini alijua kwamba kuuza mzinga uliojaa, majuma machache kabla ya kurina, ni kuuza ng'ombe anayekaribia kuzaa. Na asali ile ndiyo iliyokuwa mahari yake yeye Gaudensia, na ndiyo chakula chao cha mwaka baada ya ndoa, kama ndoa ingekuwepo.

"Kwa ajili ya simu, Sele?"

"Kwa ajili ya kukupigia." Alisema bila kumwangalia. "Ulichoka kubipiwa. Nimeisoma ile meseji mpaka kitochi kikazima. Nikasema basi, mwenzangu amepanda juu, na mimi ama nipande au nimwache. Kukuacha nimejaribu. Nimeshindwa."

Gaudensia akasema kwa sauti ndogo kwamba hakumaanisha anyamaze, alimaanisha apige.

"Ungeandika nipigie. Hukuandika hivyo."

Ilikuwa kweli, na ukweli hauna pa kuukwepea. Akamwambia pole. Akaisema mara moja, kwa moyo wote, bila kuiongezea sababu, na Selestine akaitikia kwa kichwa. Lakini hakuinuka kwenda kuivunja biashara ile. Uso wake ulikuwa umeamua.

"Nitainunua tu," akasema. "Wewe unayo, Gaude. Tena unaipenda, nakuona unavyoifuta kwa khanga kila mara. Sasa kwako ni kitu kizuri, kwangu kinakuwa upuuzi kwa nini? Kwa sababu mimi ni wa porini?"

Swali hilo lilimgusa pabaya. Angeweza kumdanganya, amwambie simu hizi ni balaa tupu na kwamba yake anaitupa kesho. Wasichana wengi wangesema hivyo, na wanaume wengi wangependa kusikia. Gaudensia akaamua kutosema uongo kwa mtu aliyekuwa anataka kuishi naye mpaka kufa.

"Ni nzuri, Sele. Siitupi, na usinitegee nikwambie naitupa. Lakini yangu inakula kwenye cherehani, kisha inarudisha. Hiyo yako itakula nyuki, na haitarudisha kitu. Tena pesa ya mizinga ni kianzio tu, iliyobaki ni mkopo. Ukikosa kulipa inajifunga. Wewe utalipia wapi, juu ya kichuguu? Itajifunga kabla hujamaliza juma Ugalla, na chaji itakuwa imeisha zamani. Hapo utakuwa huna simu, huna mizinga, na mimi sitakusikia kabisa."

Selestine akachukua kikombe, akakizungusha, akakirudisha. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Wala siitaki kwa ajili ya porini," akasema. "Naitaka kwa ajili ya sebuleni kwenu. Nikae mbele ya shangazi yako, niitoe mfukoni, niiweke mezani. Nionekane mtu. Nyie hamjui inavyokuwa kukaa pale na kitochi kilichofungwa mpira, mtu anakicheka kabla hajakucheka wewe."

Sasa Gaudensia akamwona. Alikuwa amempenda muda wote huo kwa utulivu wake, akadhani utulivu ule hauna kidonda. Kumbe kila kicheko cha shangazi kilikuwa kinamfika, naye alikuwa anakimeza na kurudi nacho porini. Mapenzi yakampanda kwa nguvu iliyomtisha, na pamoja nayo likapanda jambo jingine, gumu, lisilotetereka. Akaivuka ile nafasi ya mtu wa tatu, akaketi karibu naye.

"Nisikilize. Sebuleni kwetu nitaongea mimi. Leo. Wewe njoo na kitochi chako hicho hicho."

"Shangazi yako atakataa."

"Basi atakataa mbele yangu, na mimi nikiwa nimeketi upande wako. Hajawahi kukataa hivyo."

Pikipiki ikasimama mbele ya duka. Alikuwa Josephat, mwanaume mnene mwenye kofia ya jua, uso umejaa furaha ya mtu anayenunua kwa bei ya kutupa. Akamsalimu Selestine kwa mbali, akajipapasa mfuko wa koti kuonyesha kwamba ahadi ni ahadi. Muuzaji wa simu naye akachungulia mlangoni, boksi likiwa mkononi. Watu wawili wakamsubiri Selestine, mmoja kila upande.

Gaudensia hakusema neno tena. Alikuwa amesema yake, na hili lilikuwa la Selestine. Akamwangalia mwanaume wake anavyosimama, anavyoliangalia lile boksi zuri lenye picha ya kioo kinachong'aa, na akaiona tamaa usoni mwake waziwazi, kwa maana kitu kizuri ni kitu kizuri hata ukikikataa.

"Kaka Josephat, nisamehe nimekusumbua," Selestine akasema. "Mizinga siuzi."

Josephat akabembeleza, akapandisha bei, akanung'unika kuhusu mafuta aliyochoma njiani. Selestine akamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akarudia maneno yale yale, siuzi. Muuzaji wa simu akarudi ndani. Gaudensia akalipa chai ambayo hakuna aliyeinywa, wakaondoka.

Njiani kwenda Nsemulwa hawakushikana mikono, mji wenyewe mdogo na macho ya watu hayana kazi. Lakini walitembea bega kwa bega, na kila bega lilipogusa bega Gaudensia alisahau alikuwa anapanga kusema nini.

Walimkuta shangazi Dina sebuleni, ameketi kwenye kiti kile kikubwa alichokipenda. Mama yake Gaudensia, mama Specioza, alikuwa kwenye mkeka kando ya mlango, anachambua maharage kwenye ungo. Selestine akapiga goti, akatoa shikamoo kwa kila mmoja.

"Marahaba," shangazi akaitikia, akamwangalia kutoka miguuni hadi kichwani. "Ee, leo umepatikana."

Selestine akaketi ukingoni mwa kiti. Kitochi kilikuwa mfukoni mwa shati, mpira wake mwekundu unaonekana, na shangazi alikuwa ameshauona. Akauliza habari za porini, akauliza kama huko Ugalla vocha hazijafika bado. Aliuliza kwa kutabasamu. Gaudensia akaona kidole cha Selestine kinakwangua goti la suruali.

Akapiga magoti mbele ya shangazi yake, kama mtoto anayeomba, lakini hakuinamisha uso.

"Shangazi, leo nina neno. Huyu alikuwa anauza mizinga yake yote anunue simu, ili wewe umwone mtu. Nimemzuia. Kwa hiyo hana simu kubwa, na hataipata mwaka huu. Mimi namtaka hivyo hivyo. Kama hamumtaki, niambie leo, mbele yake. Asirudi porini na jibu la kuzunguka."

Mikono ya mama Specioza ikasimama ndani ya maharage.

Tabasamu lile likamtoka shangazi Dina, na chini yake kulikuwa na uso mwingine ambao Gaudensia hakuwa ameuzoea, uso uliochoka. Alipoongea hakuwa na dhihaka hata chembe.

"Mnafikiri ninachotaka ni simu," akasema. "Mume wangu alikwenda machimboni, akasema atatuma habari. Nilikaa. Kila gari likitoka huko nilikwenda kuuliza. Mpaka leo sijui kama nimeachwa au nimefiwa. Ndiyo maana nasema mwanaume wa mbali apige, aongee, nimsikie. Sitaki mtoto wa kaka yangu akae mlangoni kama mimi nilivyokaa."

Gaudensia hakulijua hilo. Alijua shangazi hana mume, lakini nyumbani hapo palikuwa na mambo yasiyoulizwa. Machozi yakamlenga. Akataka kunyamaza kwa huruma, halafu akaona kwamba akinyamaza sasa atakuwa amenyamaza kwa maisha yake yote.

"Shangazi, aliyenyamaza ni mimi," akasema. "Yeye alikuwa anapanda kichuguu kila jioni. Mvua inanyesha, anapanda. Ile simu tuliyokuwa tunaicheka ilikuwa inaniambia yuko hai. Mimi ndiye niliyemkataza. Na nilimkataza siku uliyonicheka, kwa sababu niliona aibu. Hakuniacha mlangoni, shangazi. Mimi ndiye niliyefunga mlango."

Shangazi akamgeukia Selestine. "Kila jioni?"

Selestine akafungua mdomo, lakini aliyejibu alikuwa mama Specioza, ambaye mbele ya wifi yake kwa kawaida hakuwa na la kusema.

"Kila jioni, wifi," akasema akiwa ameinamia ungo. "Mimi nilikuwa naisikia nikiwa jikoni. Ikichelewa nilikuwa naacha kupika, nasubiri."

Shangazi akavuta khanga yake, akafuta pua, akaitandaza tena magotini kwa utaratibu mwingi, kama mtu anayejipa nafasi. Gaudensia alibaki pale chini, magoti yameanza kufa ganzi, na hakuyasogeza.

"Mjomba wako ni nani jina lake?" shangazi akauliza hatimaye.

"Isidori, mama."

"Mwambie aje. Nyie mkimaliza kurina, aje. Na aje kwa miguu yake akae hapa, nimwone. Asije akajitia mjanja akanipigia simu. Posa haipigwi simu."

Selestine akasema ndiyo mama, asante mama, na sauti yake ikakatika katikati. Gaudensia akaficha uso kwenye magoti ya shangazi yake, akalia kidogo, na ule mkono mzito wa shangazi ukaja juu ya kichwa chake ukatulia.

Hapo mama Specioza akainuka. Akauweka ungo chini maharage yakiwa hayajaisha. Akajitanda khanga mpaka ikafunika nusu ya uso, akaupitisha mwili wake kando ya ukuta, mbali na Selestine kadiri chumba kilivyoruhusu, akatoka kwa mlango wa nyuma bila kumuaga mtu yeyote. Selestine akamwona, akainamisha kichwa upesi na kuyakaza macho yake sakafuni. Masikio yake yalikuwa yamewaka.

Gaudensia akamfuata mama yake jikoni, moyo juu juu. Kwa miaka miwili mama huyu alikuwa akiketi chumba kimoja na Selestine, akimkaribisha uji, akimwuliza habari za nyuki. Akamkuta amesimama kando ya moto, mgongo umeelekea nyumba, anapakua ugali kwenye sahani nzuri, ile ya wageni. Akamwuliza kwa hofu kama amekasirika.

Mama Specioza akamgeukia. Alikuwa anatabasamu chini ya khanga, macho yamejaa maji. Akampa sahani mikononi.

"Mpelekee wewe," akasema. "Mimi humo siingii tena. Nitakaaje chumba kimoja na mkwe wangu?"